Mwambie ukweli mshikaji wako kabla hajaenda kununua sabufa ya pili

Kuna jambo linaniuma na leo naliandika. Mtu anajibana, anakusanya hela, ananunua amplifaya, ananunua spika, sabufa, anapanga vitu vyake sebuleni, anaita washkaji waje wasikilize, afu sisi wote tunakaa kwenye makochi tunatingisha vichwa, "aisee huu mziki mnene", tukishatoka nje pale getini ndo mmoja anaanza, yani mi kichwa kinanigonga mpaka sasa hivi. Sasa kwa nini hatukumwambia mle ndani? Maana yule tuliyemuacha ndani anaamini mambo yako sawa, na siku masikio yake mwenyewe yakimwambia kuna kitu hakijakaa vizuri anakimbilia dukani, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha tatizo liko wapi, anadhani shida ni mashine ndogo.

Mshikaji wangu wa Tabata alikuwa kafika hapohapo. Ana spika za mtumba nzuri kweli, maboksi ya mbao mazito, amplifaya nayo ya mtumba, na sabufa mpya kabisa. Siku aliyotualika watu walimsifia mpaka basi, na yeye akatuambia mwisho wa mwezi anashuka Kariakoo kuongeza sabufa nyingine kwa sababu anaona besi haitoshi. Haitoshi! Wakati vioo vya dirisha vinatetemeka na vikombe kwenye shoukesi vinagongana. Lakini ukimsikiliza vizuri alikuwa na hoja, kelele ya chini ilikuwepo nyingi ila besi gita lenyewe ulikuwa hulisikii, noti moja inanguruma nyumba nzima, inayofuata haipo.

Siku ile sikusema kitu mbele za wageni na ningerudia hivyohivyo. Mtu yuko mbele ya mkewe na mashemeji zake, amepika, ametoa soda, huo sio muda wa kumkosoa. Nilimpigia siku nyingine nikaenda peke yangu na flashi yenye nyimbo ninazozijua nje ndani, hilo ni la muhimu sana, usiende kumpa mtu maoni kwa wimbo usioujua maana hutajua ubaya ni wa rekodi au wa spika. Nikamuuliza kabisa, kaka nikwambie nilichosikia juzi au leo tufurahie tu mziki, yote mawili sawa. Akasema sema bwana.

Nikaanza na kilicho kizuri na nilikuwa namaanisha, zile twita zake, spika ndogo za sauti kali, zinatoa matoazi safi sana, hayachomi sikio, na sauti ya mwanamke inatoka laini. Afu nikamwambia nilichosikia, sio ninachofikiria kuhusu vitu alivyonunua, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukimwambia mtu "sabufa yako mbovu" umemtukana hela yake na hana la kufanya zaidi ya kununa. Ukimwambia "hapa mwimbaji anapoingia mi simpati katikati, ametapakaa ukutani kote, na gita la besi likishuka chini kabisa chumba kinanguruma" hapo umempa kitu cha kwenda kukitafuta. Nikamrudishia palepale kwenye wimbo, nikamwambia fumba macho ninyooshee kidole mwimbaji yuko wapi. Akazungusha kidole, akafungua macho, akaniangalia. Hapo sikuhitaji kubishana tena, masikio yake ndo yalikuwa yanasema.

Kwa hiyo tukaweka wimbo wa zamani wa dansi uliorekodiwa mono. Mono ni kipimo kizuri na cha bure, kwa sababu spika zote mbili zinapewa kitu kilekile kabisa, na ukikaa katikati yao sauti yote inatakiwa isimame mbele yako, katikati. Kwake ikawa inatoka kushoto, kulia, mpaka kwenye kona, ila katikati hamna mtu. Nikajua. Tukageuza amplifaya, spika ya kulia waya mwekundu uko kwenye tundu nyekundu, ya kushoto mwekundu uko kwenye tundu nyeusi. Fundi aliyemfungia alichanganya. Hiyo haiunguzi kitu na haizuii spika kutoa sauti, ndo maana mtu anaweza kuishi nayo miaka, ila koni moja, ile sehemu ya spika inayocheza, ikienda mbele nyingine inarudi nyuma, na kwenye besi ambako mawimbi ni marefu zile mbili zinakulana, besi inafutika hewani kabla haijakufikia. Tukageuza ule waya mmoja, tukarudisha wimbo uleule, na mwimbaji akasimama katikati. Jamaa aliruka kwenye kochi.

Na sasa angalia mnyororo mzima ulivyojifunga. Besi ya spika ilikuwa inafutika, akaona besi ndogo, akanunua sabufa, akaifungulia mpaka mwisho, akaisukumia kwenye kona ambako besi inaongezeka yenyewe, na bado lile gita halisikiki, kwa hiyo akawa anatafuta sabufa ya pili. Yote kwa waya mmoja. Na watu wote tuliopita pale sebuleni tukamwambia mziki mnene.

Shemeji akatokea jikoni akasema tukimaliza huko tumtazamie na taarifa ya habari, mtangazaji akisoma anakuwa kama yuko ndani ya pipa. Huyu ndo alikuwa na maoni ya kweli kuliko wageni wote, ila nadhani alishayasema sana mpaka yakazoeleka. Nyuma ya sabufa kuna kile kitufe cha kuzungusha chenye namba za Hz, yani mitetemo kwa sekunde, kinachoamua sabufa ianze kuimba kuanzia wapi kushuka chini. Kilikuwa kwenye 150. Sauti ya mwanaume akiongea, mzizi wake uko takriban kati ya 85 na 180 Hz, kwa hiyo sabufa ilikuwa inasoma habari pamoja na mtangazaji! Tukakishusha mpaka kwenye 80, tukapunguza na sauti yake, tukawasha TV, shemeji akasema hapo sasa. Kama unataka maoni ya haraka kuhusu mziki wa mtu muulize mke wake au mama yake kama wanasikia vizuri maneno ya taarifa ya habari.

Ngurumo ya noti moja bado ilikuwepo kidogo, na hiyo ni ya chumba. Sebule yake ina urefu wa mita nne na kitu. Sauti hewani inakimbia karibu mita 345 kwa sekunde, ugawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba unapata kama Hz 40, hapo wimbi linakwenda na kurudi ukutani likijiongeza lenyewe. Waya mnene wa gita la besi la nyuzi nne ukipigwa wazi ni kama Hz 41. Unaona? Chumba chake kimefungwa kwenye noti ileile ambayo wapiga besi wanaipenda, na makochi yetu si tunayabandika ukutani, na ukutani ndo wimbi hilo lina nguvu zaidi. Hakuna sabufa ya bei yoyote itakayolifuta hilo, ya pili ukiipanga kwenye kona ya pili ya ukuta uleule unaongeza moto tu.

Dawa yake ni kuhamisha. Tukabeba sabufa tukaiweka juu ya kochi anapokaaga yeye, tukaweka wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi, afu tukapita tumeinama chini pembeni ya kuta tunasikiliza, sehemu ambayo noti zote zinasikika sawasawa ndo sabufa inaenda kukaa hapo. Inafanya kazi kwa sababu ukibadilishana nafasi na sabufa, njia ya sauti kati yenu ni ileile. Yake ilitua pembeni ya shoukesi, mbali na kona. Kochi tukalivuta mbele kidogo, kiasi cha kupitisha mkono na ufagio tu, na hata hicho kilisaidia.

Afu piga makofi katikati ya sebule. Kwake chini tailizi, kuta plasta na rangi, dirisha kubwa la aluminiamu lenye pazia jepesi la nyavu, ukipiga kofi moja unasikia mlio unaruka juu ya kichwa. Huo mlio unakaa juu ya kila silabi ya mwimbaji. Nilimwambia waziwazi, hela ya sabufa ya pili kanunue kapeti nene na mapazia mazito, ndo apgredi kubwa kuliko zote utakayofanya. Hilo halikumfurahisha, nililiona usoni. Hakuna mtu anayemwita mshikaji nyumbani aje asikilize kapeti. Lakini ndo ukweli na sikuupunguza.

Akaniuliza kuhusu wati, maana boksi la sabufa limeandikwa maelfu ya wati PMPO, zile wati za kilele cha muda mfupi mno. Mi hilo sikulianzisha, kwa sababu kitu kimeshanunuliwa na kumwambia hakumsaidii mziki wake, lakini kauliza, na mtu akikuuliza mjibu. Nikamwambia geuza nyuma usome kile kibandiko cha umeme. Kimeandikwa inakula wati 80. Mashine haiwezi kutoa muda wote zaidi ya inachokula ukutani. PMPO haina kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, tafuta RMS, wati za kupiga muda wote, na isipoandikwa angalia inakula kiasi gani. Na hata hivyo wati sio kitu cha kukimbilia, ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na sikio linahitaji kama desibeli 10 kuhisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, hiyo ni wati mara kumi! Akacheka, akasema kumbe hata sabufa zikiwa mbili nisingeona tofauti kubwa.

Kitu kingine tulipita haraka, nyimbo zake nyingi zimetoka kwenye magrupu ya WhatsApp, zimekamuliwa na kukamuliwa tena ili faili liwe dogo, na alikuwa anapiga kwa bluetuthi simu ikiwa nusu sauti na amplifaya imefunguliwa sana, kwa hiyo shhh inasikika kila wimbo ukiisha. Simu ipandishe karibu na mwisho, amplifaya ndo ipunguze. Na tafuta faili za MP3 za 320 kbps, zisizokamuliwa sana, basi. Tulivyoweka rumba kutoka kwenye flashi yangu ndo akasikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwake solo iko upande wake, misolo upande wake, ridhim imesimama nyuma, kila gita na kiti chake. Sebene lilivyoanza hatukuongea tena mpaka wimbo ukaisha.

Kwenye jambo moja tulibishana na hatukuelewana. Nilitaka spika zishuke, twita ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na zisimame pande mbili za TV kwa umbali unaolingana na umbali wa kochi. Pande mbili za TV alikubali. Kushusha alikataa katakata, ana mtoto anayetambaa na huyo akiona koni vidole vinaingia, spika zinabaki juu ya shoukesi. Nikamwambia utapoteza kidogo, sauti ya mwimbaji itakuwa inatokea juu ya TV badala ya mbele yako, akasema sawa nimekubali kuipoteza. Ni nyumba yake na ni mwanaye. Tukakata vipande vya sponji tukaweka chini ya spika kwa nyuma zikainama kidogo kuelekea kwenye kochi, shemeji akasema mradi zisimwangukie mtoto, tukazifunga na waya kwa nyuma. Sabufa ya pili hakununua, mara ya mwisho tulivyoongea alikuwa anapima sebule kwa ajili ya kapeti.