Wawili wangu wako Dar

Ijumaa meseji iliingia kutoka kliniki ya Dar, mwaka umeisha natakiwa kulipia tena utunzaji wa viinitete viwili, yani mayai yangu mawili yaliyokwisha kurutubishwa. Nliisoma nikiwa sokoni nachagua dagaa, nikasimama pale mpaka muuzaji akaniuliza dada unachukua huchukui. Nikachukua tu.

Jumamosi nikaenda Masasi kwa mama, na yaliyotokea huko ndo yamenifanya nikae kuandika usiku huu.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi na mume wangu tuna miaka saba kwenye ndoa. Mwaka wa tatu tukaanza hospitali, nikapigwa kipimo cha mirija ya uzazi, ile dawa wanaisukuma kutoka chini huku wanapiga picha, inauma sana jamani, majibu yakatoka mirija yote miwili imeziba. Dokta akasema inawezekana ni maambukizi ya zamani, wengine yanawapata bila dalili yoyote na hujui mpaka siku unatafuta mtoto. Mume wangu naye akapima, alienda mwenyewe bila kusukumwa na mtu na nalisema hili wazi kwa sababu wanaume wengi huku hawakubali, wanasubiri mke apimwe kila kitu kwanza. Yeye alikutwa mzima na hajawahi kunitupia hilo neno hata siku tuliyogombana vibaya.

Mirija yote ikiziba, vidonge vya kupevusha mayai havikusaidii, yai litapevuka lakini halina pa kupita. Tukaambiwa kilichobaki ni kupandikiza, yani mayai yanatolewa, yanarutubishwa maabara, halafu yanarudishwa tumboni, twende Dar. Hela ilitoka kwenye korosho za msimu wa 2023, kikoba chetu cha walimu, na pikipiki ya mume wangu tukauza. Matibabu yenyewe yanaanzia siku ya pili ya hedhi, yani ile siku ya pili uwe umefika uwekwe altrasaundi, na mimi hedhi yangu ikaingia Mei 2024 wikiendi ileile ya kimbunga Hidaya. Barabara ya kutoka kwetu Mtwara kwenda Dar ikakatika Somanga. Magari yamelala pande zote mbili, kuzunguka Songea ni siku mbili, ndege hela hatuna, basi mwezi ukaenda. Nilikaa kitandani nimeshika tiketi ya basi nikawaza hata barabara nayo.

Juni ilikubali, na shule zilikuwa zimefungwa kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Nikafikia kwa wifi yangu Mbagala. Sindano za tumbo kila jioni siku kumi, zinakaa kwenye friji ya wifi pembeni ya maziwa ya watoto wake, na kila baada ya siku mbili tatu natoka alfajiri na daladala kwenda kupimwa vimfuko vya mayai vimefikia milimita ngapi. Ile sindano ya mwisho, ya kuyakomaza mayai, ina saa yake, yangu ilikuwa saa nne usiku kamili, mayai yanatolewa baada ya masaa 36, ukikosea hapo umepoteza kazi yote. Wifi alikaa na mimi macho kwenye saa ya ukutani. Hakusema kitu, alinishika tu goti.

Yalitoka mayai 9. Yakarutubika 6. Siku ya tano vikabaki 3. Kimoja nikawekewa, nilikiona kwenye skrini, kidoa cheupe kinaingia taratibu kikatulia, na mimi moyoni nikakiita mwanangu, nesi aliniambia usijipe haraka lakini ningefanyaje. Viwili wakavigandisha kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Nikasubiri siku kumi nikapimwa damu. Hakuna kitu.

Nikapanda basi kurudi Mtwara, nikalia toka Ikwiriri mpaka Nangurukuru, nimejifunika mtandio usoni kama mtu aliyelala.

Sasa mama. Sisi ni Wamakua, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mimi ndo binti pekee. Kaka zangu wana watoto lakini wale wanahesabiwa kwa mama zao. Kwa hiyo presha kwangu haikutoka kwa wakwe, ilitoka kwa mama aliyenizaa, mizizi ya kuchemsha, leo mganga huyu kesho yule, na mimi nakunywa maana naona macho yake. Kuhusu Dar sikumwambia. Nilimwambia nimeenda semina. Mwaka mzima nimemdanganya mama yangu.

Jumamosi kulikuwa na ngoma, mtoto wa binti ya mama mdogo anatoka unyagoni. Wanawake wanaitana mama Shadia, mama Abdul, mimi naitwa mwalimu. Siyo kwa ubaya, ndo walivyozoea, lakini jana lilinichoma kila lilipotajwa. Usiku tumekaa jikoni na mama tunaota moto, upepo wa kusi huu wa Julai na baridi yake, nikajikuta nasema tu. Mama, mbegu yangu na ya mkweo zimeshaungana, ziko mbili, zimehifadhiwa hospitali Dar.

Akanyamaza muda mrefu. Akauliza, zimehifadhiwa kwenye nini?

Nikamwambia kwenye baridi kuliko barafu yoyote unayoijua. Akauliza, haziumii? Nikasema hapana mama, nikamsimulia mtoto wa kwanza kabisa kupatikana kwa njia hii, msichana wa Uingereza, alizaliwa 1978, sasa hivi mtu mzima na yeye ana watoto wake. Akatikisa kichwa taratibu, namjua, alikuwa anapiga hesabu ya miaka. Halafu akauliza zilikuwa mbili tangu mwanzo? Nikasema tatu. Moja waliniwekea haikukaa.

"Ulimlilia na nani?"

Nikasema peke yangu, kwenye basi.

Mama akasogeza kigoda chake akakaa ubavuni kwangu, akanivutia begani kwake, akaanza kulia kile kilio chetu cha msibani lakini kwa sauti ya chini ili wa ngomani wasisikie, na mimi nikalia naye. Sijui tulikaa muda gani, moto ulizima tukawa gizani.

Asubuhi hakugusia mizizi. Alinitoa nje akanionyesha mikorosho ile sita ya nyuma ya nyumba, aliyoachiwa na bibi, akasema ya mnada wa kwanza hatauliza bei wala hataigusa, nije niichukue niende nayo Dar. Na hii ya kutunza mwaka huu nilipe haraka, wasije wakawatoa. Alisema hivyo, wasije wakawatoa.

Nimelipa leo jioni nilipofika Mtwara, nikampigia kumwambia. Akaniuliza kama kuna watu wanaruhusiwa kwenda kuwaangalia.