Mashine zipo, mbao hakuna

Mliokulia Taita hamhitaji kuelezwa politekniki ya kijiji ilikuwa nini. Madawati tuliyokalia shule ya msingi yalitoka pale, na majeneza pia. Mtu akifariki usiku, wa kwanza kuamshwa ni mchungaji, wa pili mwalimu wa useremala. Vyuo hivyo vya ufundi vilianzishwa na Baraza la Makanisa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda, na hapo ndipo lilipoanza lile neno la wazazi wetu: soma, au utaishia politekniki.

Mimi nikaishia Ujerumani. Nilianza kwa kulea watoto wa watu, nikafanya mwaka wa kujitolea, kisha nikapata Ausbildung ya useremala, yaani mafunzo ya ufundi ya Kijerumani, kazini na darasani kwa pamoja. Nimevuka bahari kusomea kitu kilichofundishwa ng'ambo ya mto wetu. Chekeni tu.

Juzi nikaenda kukitembelea chuo. Katiba ya 2010 ilivikabidhi vyuo vya vijiji kwa kaunti, kwa hiyo geti lina rangi mpya na jina jipya. Karakanani nikakuta mashine tatu kubwa chini ya turubai: msumeno wa meza, randa ya umeme na ya kutobolea. Nailoni ya kiwandani ingali kwenye vishikio. Mwalimu, kijana mpole sana, akanieleza kuwa zinataka umeme wa fezi tatu, na laini iliyofika pale ni ya fezi moja. Zililetwa, mheshimiwa akapigwa nazo picha, akaenda zake.

Nikauliza randa za mkono. Akafungua kabati, nikachukua moja, nikajaribu kisu chake kwenye ukucha. Kikateleza, butu kabisa. Nyingine ilikuwa na pengo katikati ya makali, na kutu juu yake. Jiwe la kunolea halipo. Mbao hazijafika muhula huu. Mwalimu anasema bei ilipaa tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 na bajeti yao ilibaki pale pale. Ubaoni palikuwa na kichwa, "Aina za Misumeno", na michoro ya chaki. Wanafunzi walikuwa wakinakili. Wanasomea useremala kwa kalamu!

Mtaniona najivuna, lakini niacheni niseme. Kule nilikopita, kazi ya kwanza ilikuwa kunoa. Unanoa mpaka kisu kinyoe malaika ya mkono, ndipo unapewa ubao. Mashine huachiwi peke yako kabla ya kupita kozi zake za usalama. Kazi za kila wiki unaziandika kitabuni, mkufunzi anatia sahihi, na bila kitabu hicho huingii mtihani wa mwisho. Siku moja au mbili za wiki uko darasani, zilizobaki uko karakanani, na unalipwa: aliyeanza mwaka 2024, sheria ilitaka asipewe chini ya euro 649 kwa mwezi. Mwishoni unachora fanicha yako na kuijenga mwenyewe. Yangu ilikuwa kabati la mwaloni. Mtahini akasukuma droo ya chini taratibu, na ya juu ikatoka yenyewe kwa hewa iliyobanwa ndani. Akairudisha, akasukuma tena. Hakusema kitu, ila nilimwona akitabasamu.

Si peponi kule. Wapo wateja waliokuwa wakinifungulia mlango na kuuliza fundi anakuja saa ngapi.

Basi pale chuoni nikanunua msasa dukani, nikaubandika juu ya kipande cha kioo, tukanoa randa moja. Tukaijaribu kwenye mguu wa benchi iliyovunjika. Maranda yakatoka marefu, membamba, binti mmoja akayainua dirishani akaona mwanga ukipita. Nikafurahi, nikasema sasa wataniuliza namna ya kutega kisu. Swali la kwanza: "Dada, utatupeleka lini Ujerumani?" La pili lilikuwa hilo hilo. Mkuu wa chuo akaomba tupige picha mbele ya mashine. Turubai likafunuliwa, tukapiga, likafunikwa.

Nyumbani Mama amewaambia majirani niko "kampuni ya fanicha". Mjomba hakuzunguka: "Miaka yote hiyo Ulaya, umerudi fundi?" Wiki haijaisha akaniita nikamtengenezee kochi alilonunua Voi, bure, kwa kuwa mimi ni mtoto wa dada yake.

Mnaotaka kwenda, nendeni. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira Septemba 2024, maajenti wamejaa, basi shikeni hili: Kijerumani kifike B1, kiwango cha kati cha kujimudu kuongea, kwelikweli, si ya cheti cha kununua, na mkataba utoke kwa mwajiri. Mafunzo ya kazini hulipwa na mwajiri. Anayekudai karo anataka kukula. Na mkirudi, begi lenu liwe na mawe ya kunolea, maana huku mtapewa mashine.

Nimejitolea kufundisha kunoa kila Jumamosi, bila malipo. Nikaambiwa niandike barua, bodi itaiangalia muhula ujao. Jumatatu nimeipeleka. Aliyeipokea aliigonga muhuri, akaniuliza kama nina digrii.