Sudoku ikikataa usibahatishe, futa

Ami yangu mmoja hufanya sudoku ya gazeti (ule mchezo wa kujaza namba 1 mpaka 9, kila moja mara moja tu kwenye kila mstari wa kulala, kila safu ya kusimama na kila boksi la vijumba tisa) kwa biro. Biro, si penseli. Anakaa barazani hapo Mji wa Kale na kahawa tungu yake, zile rahisi anazijaza chap chap, akifika pagumu anasema bismillahi anaweka 4 mahali ambapo hata yeye hajui kwa nini 4, kidogo utasikia "aka, mstari huu una 9 mbili" na gazeti linakwenda kufungiwa viazi karai. Nampenda sana ami lakini hapo hatuelewani.

Sudoku iliyotungwa sawasawa ina jibu moja tu, kwa hivyo njia ipo hata kama huioni. Shida ni kwamba wengi wetu tunatafuta namba ya kuweka, na sudoku ngumu haikupi ya kuweka, inakupa za kufuta, unafuta hapa moja pale mbili, unaona kama hufanyi kitu vile, mara kijumba kimoja kimebaki na namba moja na mambo yanafunguka.

Penseli basi. Kila kijumba kitupu uandike kwa udogo namba zote zinazoweza kukaa hapo. Inachosha, najua, na ukisahau moja tu kazi yote imeharibika, lakini bila hivyo hizi mbinu zingine hazishikiki. Ukimaliza tazama boksi moja moja: kama 4 na 8 zina vijumba viwili tu vya kukaa, na ni vijumba vilevile, basi vishachukuliwa hivyo, hata kama mle ndani umeandika na 1 na 3 na 6, zote futa. Za katikati ya wiki nyingi zinamalizikia hapo. Ile ya wikendi, wapi.

Hapo ndo inaingia eksi-wingi, na hii twende polepole maana ukiishika hii zingine zinakuja zenyewe. Chukua namba moja, tuseme 7, zingine zisahau kwanza. Kwenye mstari wa 2 wa kulala, 7 ina nafasi mbili tu, safu ya 3 na safu ya 8. Shuka mpaka mstari wa 6, tena 7 ina nafasi mbili tu, na ni safu hizohizo, 3 na 8. Sasa, ile ya juu ikiwa safu ya 3, ya chini haina pa kwenda ila 8. Ya juu ikiwa 8, ya chini ni 3. Hujui ni ipi, na utamu wenyewe ndo huo, huna haja ya kujua, maana kwa vyovyote vile safu zote mbili zishapata 7 zao kwenye ile mistari miwili, kwa hivyo 7 nyingine yoyote uliyoiandika kwenye safu ya 3 au ya 8, juu, chini, katikati, futa. Hujaweka namba hata moja lakini kazi ishafanyika.

Sodifishi ni hiyohiyo ila mistari mitatu na safu tatu. Macho yanauma tu.

Mimi nnayoipenda zaidi ni eksi-wai wingi. Unatafuta kijumba chenye namba mbili tu, tuseme 2 na 5. Kinaonana na kimoja chenye 2 na 9, na kingine chenye 5 na 9 (kuonana ni kuwa mstari mmoja, safu moja au boksi moja). Cha katikati kikiwa 2, yule wa kwanza ni 9. Kikiwa 5, yule wa pili ni 9. Lazima mmoja wao awe 9, sasa kijumba chochote kinachoonana na hao wote wawili hakiwezi kuwa 9 kamwe. Wallahi mara ya kwanza kuiona peke yangu nilitaka kumwonyesha kondakta.

Halafu watu wanadhani namba chache za mwanzo, zile zilizochapwa tayari, ndo ugumu. Sivyo bana. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire na wenzake kule Dublin walitumia kompyuta kuonyesha kwamba sudoku yenye namba 16 za mwanzo na jibu moja haipo, mwisho wa uchache ni 17. Na hizo za 17 ziko nyingi tu unamaliza bila mbinu yoyote. Ile ya Arto Inkala wa Finland iliyotangazwa mwaka huohuo kuwa ngumu kuliko zote ina namba 21, na eksi-wingi haiigusi.

Kuna mbinu moja ya mstatili. Vijumba vinne kwenye mistari miwili, safu mbili, maboksi mawili, vitatu vina 1 na 6 tu, cha nne kina 1, 6 na 3. Wanasema weka 3, kwa sababu isipokuwa 3 sudoku itakuwa na majibu mawili. Ni kweli, lakini hapo unategemea ahadi ya aliyeitunga. Ya gazetini naitumia bila wasiwasi. Ile niliyotumiwa WhatsApp na mtu hata hajui kaitoa wapi, siigusi hiyo mbinu, maana nani kaniahidi jibu ni moja?

Halafu kuna cheni, yaani kufuata "hiki kikiwa hivi, kile kitakuwa vile" kijumba kwa kijumba. Binamu yangu ananiambia cheni zangu ni kubahatisha kulikovaa kanzu. Hapana. Kubahatisha unashika njia moja unaomba Mungu. Cheni unazifuata njia zote mbili, kijumba kikiwa 2 halafu kikiwa 5, na kama zote mbili zinaua 7 ileile kule mbali, 7 hiyo imekufa, hakuna bahati hapo. Ila hatua zikipita tano sita kichwani mwangu, nageuza ukurasa nasoma mpira.