Mirathi ya Alhaji, Ibadan 2002

Alhaji alifariki msimu wa mvua, mwaka 2002. Dua ya siku ya nane, ambayo Wayoruba wanaiita fidau, ilipomalizika watu walikula amala na gbegiri, wakanawa mikono, wakaaga. Waliobaki uani ni wa nyumba ile, alfa, yaani shehe aliyesoma dua, na mimi. Nilikuwa nasoma Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, pamoja na kitindamimba wa bi mkubwa, na tangu aliponileta nyumbani kwao mara ya kwanza Alhaji alikuwa akinitambulisha kwa wageni kuwa mwanawe wa Tanzania. Nyumba nzima waliniita Nyerere. Niliposimama kutaka kuondoka, Mogaji alinionyesha kigoda kwa kidole: kaa.

Mogaji ni mkuu wa ukoo. Ibadan kila ukoo mkubwa una wake, na mirathi haiguswi mpaka yeye aketi. Huyu alikuwa mzee mkavu, mwenye sauti ndogo, anaswali swala tano, na ukoo wake huohuo kila mwaka hutoa egungun, watu wa vinyago wanaowakilisha mizimu ya mababu. Sikuwahi kumwona akikosa usingizi kwa ajili ya hilo.

Alhaji alikuwa muuza vitambaa soko la Gbagi. Aliacha maduka mawili, shamba la kakao nje ya mji, Peugeot 504 iliyochoka, fedha kidogo benki, na nyumba ya ghorofa karibu na Oja'ba tuliyokuwa tumekaa uani kwake. Wajane walikuwa wawili. Bi mkubwa alikuwa na watoto watano, wanne wa kiume na mmoja wa kike. Bi mdogo alikuwa na mvulana na wasichana wawili, bado wanafunzi. Mke wa kati alishatangulia mbele ya haki zamani, akaacha binti mmoja tu, ambaye nami nilimwita Anti kama walivyomwita wadogo zake.

Anti alikuwa Mkristo. Bi mkubwa ndiye aliyemlea, akasoma shule ya wamisionari, akaokokea hukohuko, akaolewa kanisani. Siku ya harusi yake Alhaji alikaa safu ya mbele na agbada yake na kofia, na kikapu cha sadaka kilipopita alitia mara mbili. Picha ya siku ile ilikuwa sebuleni, imetundikwa chini ya ile ya Alkaaba.

Kwa Wayoruba hiyo si habari. Ndugu wa tumbo moja mmoja ni shemasi, mwingine ni imamu. Ileya, yaani Idi ya kuchinja, wote wanakula nyama, na Krismasi wote wanakula wali. Ila mwaka ule hewa ilikuwa nzito. Jimbo la Zamfara lilikuwa limetangaza sharia mwaka 1999, mengine ya kaskazini yakafuata mpaka yakatimia 12, na Kaduna watu waliuana mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Magazeti yalijaa Amina Lawal, mama wa Katsina aliyehukumiwa Machi ile kupigwa mawe hadi kufa. Bola Ige, waziri wa sheria wa nchi nzima, alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwake Bodija, palepale Ibadan, Desemba iliyotangulia, na kila kinyozi alikuwa na maelezo yake. Hata chuoni kwetu palikuwa na ukuta uliojengwa miaka ya 1980 katikati ya msalaba na msikiti, baada ya Waislamu kulalamika kwamba wakielekea kibla wanauona msalaba. Nilikuwa nikipita hapo nikijiuliza ni vikao vingapi vya maprofesa vilihitajika kuzaa ukuta mmoja.

Kusini-magharibi hakuna jimbo lililofungua mahakama ya sharia. Katiba ya 1999 inaliruhusu jimbo lolote linalotaka kuwa na mahakama ya rufani ya sharia, kwa ndoa, talaka, mirathi na mengine ya aina hiyo, lakini gavana wa Oyo, jimbo lenye Ibadan, wakati huo, Lam Adesina, ambaye mwenyewe alikuwa Mwislamu, hakulifanya hilo. Basi Waislamu wa Ibadan mwaka uleule wakaanzisha baraza lao huru msikiti mkuu wa Oja'ba, la kuwaamua wanaokwenda kwa hiari yao. Kutoka uani kwa Alhaji ungeweza kwenda kwa miguu kabla chai haijapoa.

Kaka mkubwa ndiye aliyefungua mdomo. Alilala kifudifudi mbele ya Mogaji kama ada inavyotaka kwa wanaume, akainuka, akajipangusa vumbi. Alisema baba yao alikuwa Mwislamu, alihiji, hivyo mali yake igawiwe Kiislamu, na baraza lipo pale jirani. Alfa aliyesoma dua alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilimtazama kaka mkubwa kwa mshangao kidogo, kwa sababu muda wote niliomjua sikumwona msikitini ila Ijumaa, tena viatu akiviacha karibu na mlango.

Mogaji akaniuliza, "Nyerere, kwenu mnafanyaje?"

Nikamwambia ukweli. Zanzibar na Kenya kuna makadhi, lakini sisi wa Bara, pamoja na Tanga kwetu kulikojaa misikiti, mirathi inakwenda Mahakama ya Mwanzo, na hakimu akiona marehemu aliishi Kiislamu atagawa Kiislamu, hata kama hakimu mwenyewe ni Mkristo. Uani kukalipuka kicheko, cha kwanza tangu msiba.

"Mkristo anawagawia kwa Qurani?" Mogaji akauliza. "Nanyi mnakubali?"

"Anayepata hukubali, Baba."

Nilivyotaja kwamba faraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, nilisomeshwa madrasa, daftari likaletwa. Kwa hiyo hesabu ya nyumba ile niliandika mimi, kwa kalamu yangu, taa ya karabai ikiwa imetundikwa kwenye mti maana umeme ulikuwa umekatika. Nikachora safu tatu.

Safu ya kwanza ilikuwa idi-igi, mila yao ya zamani: mali hukatwa kwa idadi ya wake waliozaa, bila kujali nani alizaa wangapi. Nyumba tatu, theluthi tatu. Anti, peke yake kwenye nyumba ya mama yake, anaondoka na theluthi nzima. Watano wa bi mkubwa wanang'ang'ania theluthi moja.

Ya pili, ori-ojori, kwa vichwa: watoto tisa, mafungu tisa sawasawa. Kuna kesi ya Wayoruba wa Lagos iliyopanda hadi Baraza la Malkia kule London, na mwaka 1962 ikaamuliwa kwamba idi-igi ndiyo mila, ila watoto wakigombana mkuu wa ukoo anaweza kuamuru kwa vichwa. Rafiki yangu, yule kitindamimba, aliyekuwa anasoma sheria, alilitaja hilo na Mogaji akaitikia kama mtu aliyekuwepo London.

Ya tatu, faraidhi. Thumni kwanza kwa wajane, kila mmoja sehemu moja ya kumi na sita. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Nyumba ya bi mkubwa inazoa zaidi ya nusu ya mali. Na Anti, kwa kuwa asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, hapati kitu. Niliandika jina lake na mbele yake nikaweka kistari. Angekuwa Mwislamu angepata sehemu moja ya kumi na sita.

Nikampa Mogaji daftari, likazunguka mkono kwa mkono. Watu walikaa kimya wakipiga hesabu. Hapo nikaelewa kwa nini kaka mkubwa ameipenda dini ghafla, na kwa nini mume wa Anti, ambaye ni mlei wa kanisa na hajawahi kuvumilia ngoma za egungun, alianza kuisifu mila ya mababu.

Kisha bi mdogo akapiga magoti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na tangu Alhaji azikwe sikuwa nimemsikia akisema neno zaidi ya kuitikia salamu.

"Baba Mogaji, naomba kuuliza. Kwa mila, mimi napata nini?"

Mogaji alikohoa. Kila mtu pale alijua jibu. Kwa mila ya Kiyoruba mjane hamrithi mumewe. Anakula kupitia watoto wake, na zamani yeye mwenyewe angerithiwa na mdogo wa marehemu.

"Kwa mila mimi ni mmoja wa vitu vinavyogawiwa," akasema. "Kwenye daftari la Nyerere nina fungu langu. Dogo, lakini lina jina langu. Nataka twende Oja'ba."

Bi mkubwa, aliyekuwa mkekani nyuma yake, akasema "Amina" kwa sauti ambayo hakuna aliyeitegemea.

Kwenye magazeti sharia ilikuwa mikono iliyokatwa na mawe. Mle uani hakuna aliyetaja mkono wa mtu. Mwenye hoja nzito kuliko wote alikuwa mjane anayetaka sehemu moja ya kumi na sita, na aliyekuwa anaumizwa na hoja hiyo alikuwa binti aliyempikia Alhaji uji miezi yote ya ugonjwa. Mimi nilikuwa upande wa bi mdogo na mpaka leo niko hapo. Lakini kistari nilichokichora nilishindwa kukitazama.

Alfa, ambaye alikuwa mtu mwema, akasema Alhaji angeandika wasia jambo hili lingekwisha kwa dakika tano. Theluthi ya mali mtu anaweza kumwachia asiye mrithi, awe wa dini yoyote. "Nilimwambia. Akasema ataandika baada ya Ileya."

Mtoto wa tatu wa bi mkubwa alikuwa amerudi kutoka masomoni Saudia. Huyu alipofika mbele ya Mogaji hakulala kifudifudi. Aliinama tu, kwani kusujudu ni kwa Mungu peke yake, na wazee wakaguna. Nilidhani atakuwa mkali kuliko wote. Akasema hukumu ni hukumu, dada yao harithi, ila yeye atamgawia nusu ya fungu lake.

Anti alikuwa hajasema kitu. Akasimama, akaifunga vizuri gele yake kichwani.

"Sikuja kuomba. Mimi si maskini wa baba yangu, mimi ni mtoto wake. Nipe kama mtoto au uniache."

Bi mkubwa akaanza kulia. Kaka mkubwa akasema kanisa limemfundisha jeuri, mume wa Anti akasimama, rafiki yangu akasimama katikati yao, na mimi nikajikuta nimeshika mkono wa mume wa Anti bila kujua nitaufanya nini. Mogaji aliwaacha wapige kelele mpaka wakachoka. Halafu akasema lile ambalo Wayoruba wote husema: Ifa, dini ya mababu, tuliikuta duniani, Uislamu tuliukuta duniani, Ukristo ulitufikia jua la utosini. "Na nyote," akaongeza, "mmemkuta Alhaji."

Uamuzi wake ulikuwa huu. Nyumba haigawiwi wala haiuzwi, ni ya ukoo, na chumba cha Anti ni cha Anti. Katika mengine, thumni ya wajane itolewe kwanza kama Qurani inavyosema. Kinachobaki kigawiwe kwa vichwa, tisa sawasawa.

"Hii si sharia wala si mila!" kaka mkubwa akasema, na hapo alisema kweli.

Aliapa kwenda Oja'ba. Alfa mwenyewe akamwambia asijichoshe, baraza haliwezi kumwita mtu asiyetaka kuja, na Anti hatakuja. Aliyenishangaza zaidi ni yule wa Saudia. Alichukua kalamu wa kwanza. "Haki yangu naweza kuiachia," alisema. "Siwezi kusema ndivyo Mungu alivyogawa." Akatia saini, akaandika pembeni kwa Kiarabu kwamba ameachia kwa ridhaa. Dada yake wa tumbo moja, aliyekaa jioni nzima kimya akimenya karanga, alitia saini haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Kwa faraidhi angepata nusu ya kaka zake.

Kaka mkubwa alitia saini baada ya maduka kukaa yamefungwa na wateja kuanza kuhamia kwa jirani.

Kati ya Desemba 2024 na Januari 2025 tangazo la kuzindua baraza la sharia mji wa Oyo lilizua kelele nchi nzima mpaka uzinduzi ukaahirishwa. Gavana Seyi Makinde akasema lazima katiba ifuatwe, na kule jimbo la Ekiti mfalme wa mji wa Ado akaamuru baraza la huko livunjwe. Rafiki yangu, ambaye sasa ni wakili, alinipigia simu tukaongea kwa muda mrefu. Nilimuuliza nyumbani wanasemaje. Akasema Anti amekasirika, bi mdogo anataka baraza lifunguliwe hata kesho, na kaka mkubwa, mwenye miaka sabini sasa, ameuliza kama wanapokea kesi za zamani.