Taya likigoma kufunguka: sindano au kamera?
Taya langu lilikuwa linalia ka! kila nikipiga mwayo, baadaye likagoma kabisa kufunguka, ndo nikaanza kusoma kuhusu hizi tiba ndogo ndogo. Kuna kuosha jointi: daktari anachoma sindano mbili, maji ya chumvi yanaingia kwa moja yanatokea kwa nyingine yakibeba kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, na mara nyingi ganzi ya kawaida tu inatosha. Athroskopi nayo, iliyoanza kwenye taya huko Japani miaka ya 1970, inaingiza kakamera kembamba, daktari anaona ndani na anaweza kuachanisha palipogandana, ila kwa kawaida unapigwa nusu kaputi. Na sindano ya Botoksi? Hiyo inalegeza misuli, jointi yenyewe haiigusi. Kati ya hizi mi ningeanza na kuosha, tena baada tu ya mazoezi ya taya na kifaa cha kuvaa menoni usiku kushindwa.