Siku moja maishani mwangu: karani wa kura mjini Luton

Nikisema nafanya kazi ya uchaguzi Uingereza, watu huniuliza nampigia nani kampeni. Simpigii mtu. Mimi ndiye yule mama anayekaa mezani na daftari na rula, anayekuuliza jina na unapokaa kisha akakupa karatasi ya kura. Siku nyingine za mwaka ni mpishi wa shule. Siku ninayoisimulia ni Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023. Luton ilikuwa inachagua madiwani wake wote 48, na ndio uchaguzi wa kwanza ambao kote England mpiga kura alidaiwa kitambulisho chenye picha kituoni.

Saa 10:30 alfajiri nimeshaamka. Nimepakia wali, maharage ya nazi, sambusa sita, ndizi na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Karani akishaingia kituoni hatoki hadi kura zifungwe, na vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi, vikafungwa saa 4 usiku. Anayeanza kazi hii huja na mkate mmoja na tufaha. Ikifika saa 10 jioni namkatia sambusa zangu, maana namwona mikono inavyomtetemeka.

Saa 12:15 tuko ukumbini, watu watatu: msimamizi wa kituo, ambaye ni mwalimu mstaafu, kijana mmoja wa chuo, na mimi. Ukumbi ni wa kanisa, na ulikuwa umeshapambwa vibendera kwa ajili ya Jumamosi, siku ya kutawazwa Mfalme Charles. Tukasimamisha vibanda, tukafunga penseli kwa uzi, tukabandika matangazo, tukahesabu vitabu vya karatasi za kura. Kabla ya kufungua mlango msimamizi aliliinua sanduku, akaligeuza mdomo chini, akatuonyesha kwamba halina kitu, akalifunga na kulitia lakiri. Kwetu Mombasa sanduku la kura ni plastiki unayoona ndani, na kutwa nzima unaziona karatasi zikipanda. Hili ni jeusi. Ukiikosa dakika ile, umeikosa. Mimi huwa nasimama wima hadi lakiri ifungwe.

Wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa uwanja wa ndege waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu, wanataka kupiga kura wakalale. Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mtu anataja jina na anapokaa, anatoa kitambulisho, naangalia picha, namwangalia yeye. Namtafuta daftarini, nasoma namba na jina lake kwa sauti, naweka rula chini ya mstari wake na kupiga alama. Mwenzangu anaandika ile namba kwenye orodha, kando ya namba ya karatasi anayopewa, kisha anaichana kitabuni. Kata yetu ilikuwa na viti vitatu, kwa hiyo kila mtu alipaswa kuelezwa kwamba anaweza kuweka alama ya X hadi tatu, asizidishe. Nililitamka hilo siku nzima hadi sauti ikakauka. Wino wa kidoleni hakuna. Kaka yangu wa Likoni nilipomweleza hakuamini. Aliniuliza mtu atazuiwaje kurudi mara ya pili. Anazuiwa na ule mstari wa rula. Ndiyo maana mstari mmoja ukiruka, umemnyang'anya mtu kura, au umempa mwingine mbili.

Na wale wanaosimama nje mlangoni na maua ya utepe kifuani, wakikuuliza namba yako, si sisi. Hao ni watu wa vyama. Hulazimiki kuwajibu. Kila uchaguzi natukanwa kwa ajili yao.

Saa 2 hadi saa 4 ilipita kwa akina mama wenye vigari vya watoto, mbwa watatu waliofungwa kwenye reli ya ngazi, na wazee waliokuwa na gumzo moja tu: Luton Town ilikuwa imeshajihakikishia mechi za mchujo za kupanda Ligi Kuu.

Kwenye saa 4 na nusu aliingia mama mwenye nikabu. Alisimama mbali na meza, pasipoti ameishika kwa mikono miwili. Nikamsalimu, Asalaam aleikum, nikamwambia dada, twende huku. Tulikuwa na pembe iliyozibwa kwa pazia, na kioo kidogo cha mezani. Akafunua, nikatazama picha, nikatazama uso, basi, imekwisha. Nikageuka nikatazama ukuta akajipanga vizuri mbele ya kioo bila haraka. Aliniambia amelala na wasiwasi usiku mzima, hajui kama atafunuliwa mbele za watu. Kwa sababu ya dakika mbili zile sijutii kuomba ruhusa ya siku moja jikoni kwangu.

Halafu, saa 5:20, akaingia mzee. Nimebadilisha mambo mawili matatu hapa asitambulike. Ni mzee wa mtaani kwetu, Mwingereza, mstaafu wa kiwanda cha magari. Baridi ikishuka na barafu ikaganda, ndiye anayemwaga chumvi mbele ya nyumba yake na yangu pia. Alikuja amevaa tai. Alikuwa na ile kadi ya posta inayokujulisha kituo chako, akaiweka mbele yangu kwa kidole kimoja, akatabasamu.

"Mzee, naomba kitambulisho chenye picha."

"Si unanijua?"

"Nakujua. Sheria inataka picha."

Akacheka kwanza. Akageuka kumwangalia msimamizi, akaona sura yake, akaacha kucheka. Alisema amepigia kura katika ukumbi huu tangu nywele zake ni nyeusi. Hapajawahi mtu kumuuliza yeye ni nani, na leo anaulizwa na jirani yake. Neno hilo, jirani, alilisema mara tatu, na kila mara lilizidi kuwa zito. Nyuma yake walikuwa watu wanne, watano, wakawa wanane. Kijana wa chuo akawa anachana ukucha kwa meno.

Nikamuuliza kadi ya basi ya wazee. Hiyo inakubalika. Hajui iko wapi, wiki nzima anaitafuta. Leseni ya udereva aliirudisha macho yalipoanza kufifia. Pasipoti? Imekwisha miaka mingi. Nikamwambia iliyokwisha inakubalika maadamu sura bado ni yako, kailete, tupo hadi saa 4 usiku. Akasema haijui ilipo, vitu vya nyumbani alikuwa akivitunza mkewe, na mkewe ameshafariki. Kipo pia cheti cha bure cha mpiga kura, lakini mwisho wa kukiomba ulikuwa umeshapita zaidi ya wiki. Msimamizi alitoka mezani, akaketi naye kwenye viti vya ukutani, akamsomea orodha yote ya vitambulisho, polepole, kimoja kimoja. Mzee alitikisa kichwa kwa kila kimoja. Mimi huku naendelea kusoma namba za watu kwa sauti, na sikio langu lote liko kule.

Aliinuka, akaiokota kadi yake ya posta, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniambia tu, "Sikulaumu wewe," akatoka, na tai yake.

Nikaiandika namba yake kwenye fomu ya waliokosa kitambulisho. Akirudi, mtu huwekewa alama kwamba amerudi.

Mchana sijui saa zilikwendaje. Nilikula wali wa baridi nyuma ya pazia, dakika nane. Shule zilipotoka foleni ilijaa watoto wa sare wakiuliza mbona mama anaandika kwa penseli. Mtu mmoja akagoma kuitumia, akatoa kalamu yake, na anaruhusiwa. Mwingine alikosea akaweka X nne, akashtuka. Msimamizi akaifuta karatasi ile na kumpa nyingine. Watatu waliokosa kitambulisho asubuhi walirudi nacho, mmoja akiwa na nguo za mazoezi, anahema. Kila mlango ulipolia niliinua kichwa. Jua likazama, taa zikawashwa, mgongo ukawa kama umepigwa mchi, miguu ikavimba ndani ya viatu. Kijana wa chuo akaniuliza kama nasubiri mtu. Nikamwambia hapana, nikamkatia sambusa ya mwisho.

Saa 4 kasoro dakika kumi hapakuwa na mtu ukumbini ila sisi. Anayekuwa kwenye foleni saa inapogonga hupiga kura, kwa hiyo nilitoka hadi ngazini kutazama kama yupo anayekuja. Barabara ilikuwa tupu. Msimamizi akatangaza kituo kimefungwa, akaziba mdomo wa sanduku kwa lakiri.

Kwetu sasa ndipo usiku ungeanza: kura humwagwa pale pale, zikahesabiwa mbele ya mawakala, taa za karabai zikiwaka umeme ukipotea. Huku karani hazioni kura. Tulihesabu karatasi zilizotolewa, zilizoharibika na zilizobaki, hesabu ikakubaliana mara ya kwanza, na hilo ni jambo la kujivunia baada ya saa kumi na tano mezani. Msimamizi akalipakia sanduku garini kulipeleka kwa wahesabuji. Nilifika nyumbani karibu saa 5 usiku, nikatia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Saa 1 na nusu asubuhi nilikuwa jikoni shuleni namenya viazi.

Tume ya Uchaguzi ilitangaza baadaye kwamba watu wapatao 14,000 hawakuweza kupiga kura vituoni siku ile kwa sababu ya kitambulisho. Niliisoma taarifa ile nikiwa kwenye basi. Mmoja wao naishi naye mtaa mmoja.

Jumamosi ile ya kutawazwa Mfalme nilimkuta kituo cha basi. Nilitaka kusema kitu, maneno yakakwama. Yeye akatia mkono ndani ya koti, koti zito la kanisani, akatoa kadi ya basi na kuniinulia niione, picha imenielekea.

"Ilikuwa humu," akasema. Akaniuliza madiwani watachaguliwa tena lini. Nikamwambia hapa kwetu ni kila miaka 4, hadi 2027. Akanyamaza kidogo, akahesabu.

"Nitakuwa na miaka 85," akasema, akairudisha kadi mfukoni na kufunga kifungo.