Sita na tisa: nilivyoacha kuficha mashine zangu za masikio

Mashine zilikuwa ndani ya mkoba, kwenye kikebe chake, siku nilipogombana na mteja kwa sababu ya shilingi mia tatu.

Nauza leso Biashara Street, hapa Mombasa. Mama mmoja kutoka Likoni alishika pea, akauliza bei. Nilisikia "mia tisa?" nikaitikia kwa kichwa, maana ndiyo bei yenyewe. Kumbe alikuwa amesema mia sita. Alipohesabu noti zake nikamdai zilizobaki, akawageukia wenzake: "Si ameniitikia mwenyewe? Mwamuona mwizi huyu?" Nikajitetea. Akajibu, sikumpata, nikajibu jambo jingine kabisa. Hapo ndipo aliponitazama vizuri, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Kama husikii si useme!"

Alikusudia kunitukana. Lakini usiku ule, katika maneno yake yote, nililala na hilo moja tu: useme.

Sita na tisa. Jaribu kuyatamka ukiwa umeziba masikio kwa viganja; kinachobaki wazi ni i na a. S na t ni sauti nyembamba za juu, na kwa mtu wa aina yangu hizo ndizo zinazotangulia kupotea. Vokali nilikuwa nazisikia. Ndiyo maana nilichelewa sana kukubali kwamba nina tatizo: watu walikuwa wakiongea na nilikuwa nawasikia wakiongea, ila sikupata walichosema. Nikawa nacheka wakicheka, naitikia wakinyamaza kunitazama. Wengine mtaani kwetu Kibokoni walinihesabu kuwa mwenye nyodo, kwa sababu walinisalimia kwa nyuma nami nikapita zangu.

Hospitalini waliponipima walinionyesha chati yenye viduara vyekundu vya sikio la kulia na alama za x za buluu za sikio la kushoto. Zote zilianza vizuri juu, kisha zikateremka kama ngazi kadiri sauti zilivyozidi kuwa nyembamba. Mtaalamu alinieleza kuwa ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Dawa ya kuvirudisha hakuna. Kilichopo ni mashine ya kukuza zile sauti zilizopungua.

Mbili zilinigharimu shilingi 85,000. Nilisubiri zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana pesa, nikachukua mkopo kidogo juu yake, na wenzangu wa chama nikawaambia nanunua friji. Walikuja hadi nyumbani kuipongeza friji. Nikadanganya tena kwamba bado iko dukani.

Mtu akiuliza kwa nini nilidanganya, itabidi nimtaje mjomba wangu. Yeye alipoteza masikio kabla hajafika miaka arobaini, kama babu yetu. Mtaani walimwita Ziwi. Si kiziwi, Ziwi, kama kitu kikubwa kibaya. Watoto walimwita hivyo, watu wazima pia, mpaka siku ya maziko yake mtu mmoja aliyeishi naye jirani miaka mingi akaniuliza jina lake hasa lilikuwa nani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Mjomba alizikwa kabla ya katiba hiyo, lakini hata leo neno hilo lingali midomoni mwa watu.

Kwa hiyo mamangu alipoziona mashine mara ya kwanza hakuuliza zinafanya kazi vipi. Alifunga mlango. "Mwanangu, nduguyo hajaolewa. Wakijua masikio haya ni ya ukoo, nani atakuja kuposa?" Simlaumu. Alikuwa akimwona kaka yake.

Nilidhani mtandio utanisaidia kuficha. Nani atajua kilicho nyuma ya sikio la mwanamke aliyejisitiri? Kumbe kitambaa kilichobana hulala juu ya maikrofoni ya mashine, na kila ukigeuza shingo unasikia mkwaruzo kama mtu anakunja magazeti kichwani mwako. Kingine ni mluzi. Sauti iliyokuzwa ikivuja nje na kurudi kwenye maikrofoni, mashine hupiga mluzi, na hutokea hasa ukikumbatiwa au ukiegemea kitu. Mara ya kwanza ulinitokea mazishini, nimekumbatiwa na jirani. Aliniambia simu yangu inalia. Nikasema ndiyo.

Na zile siku za mwanzo ni kelele tupu. Kunguru wa Mombasa nilikuwa nimewasahau, nikawakuta wote wamehamia dirishani kwangu. Feni ya dukani ilinguruma. Mfuko wa plastiki ulinitia kichefuchefu. Niliambiwa nivae saa mbili tatu kwa siku nyumbani, kisha niongeze taratibu, kwa sababu ubongo uliozoea ukimya unahitaji muda kujifunza tena kipi cha kusikiliza na kipi cha kuacha. Ushauri ulikuwa wa kweli, lakini ulihitaji mtu anayevaa kila siku. Mimi nilivaa nikiwa peke yangu na kuvua mtu akibisha hodi. Baada ya mwezi nikaziacha kwenye kikebe, na zilikuwa humo siku ya ule ugomvi.

Nilipoamua kubadilika, kuvua mtandio hakukuwamo katika mawazo yangu. Nasema hivi kwa sababu dada zangu wengi wa Pwani watanielewa. Husemwa sana kwamba mtu aonyeshe mashine yake bila haya, na kwa anayeweza ni vizuri. Mimi kichwa changu nakifunika kwa dini yangu. Siri yangu ilikuwa mdomoni, na huko ndiko ilikopaswa kutokea.

Nikatunga sentensi moja fupi: "Sisikii vizuri, ukisema nami nitazame." Nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kisha nikaanza na watu nisiowajua. Wa kwanza alikuwa muuza mihogo mmoja pale Mama Ngina Drive, jioni, upepo wa bahari unapuliza. Aliniuliza kitu, nikaisema sentensi yangu, moyo unanidunda hadi kooni. Akainua uso, akarudia: "Nitie pilipili?" Basi. Alikuwa anauliza pilipili. Nilikula mihogo ile nikitetemeka, na machozi hayakuwa ya pilipili peke yake.

Nikaendelea Marikiti kwa muuza viungo, halafu kwenye matatu ya Tudor. Wiki ya tatu nikamwambia tajiri wangu dukani. Nilitarajia aniondoe mbele ya wateja. Badala yake alinihamisha kutoka chini ya feni, akaniweka pembeni ambapo nyuma yangu pana ukuta, kelele zinakuja upande mmoja tu. Bei sasa naiandika kwenye kikokotoo na kumgeuzia mteja. Sita ni sita, tisa ni tisa.

Mtandio nao niliubadilisha bila kuuacha: kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, kimelegea pembeni mwa masikio, na kofia ya ndani niliitoboa sehemu za masikio na kuipinda kwa mkono. Mkwaruzo ukapungua sana. Unyevu wa Mombasa ndio adui asiyechoka. Jasho na chumvi huingia ndani ya mashine, kwa hiyo kila usiku nazipangusa, nafungua vijumba vya betri na kuzilaza kwenye kopo lenye vipakiti vya kukausha unyevu. Betri zangu ni namba 13, zile za kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua, hewa huingia ndipo betri ianze kazi, na ukiipa kama dakika moja kabla ya kuifunga inafanya vizuri zaidi.

Wapo walioniumiza hata baada ya kusema. Shangazi mmoja alianza kuniongelesha kwa kupiga kelele, silabi moja moja, kama mtoto. Nilimwambia mara tatu, kwa adabu, kwamba kelele huuvuruga mdomo nami hutegemea pia kuuona. Mara ya nne nilisema, "Shangazi, wanipigia kelele. Nitazame tu, yatosha." Alinuna wiki nzima. Sijutii.

Ndugu yangu aliposwa. Wakwe walijua, kwa sababu nilimwomba ruhusa nikawaambia mwenyewe siku ya kwanza walipokuja. Mamangu hakunisemesha siku mbili. Posa haikurudi nyuma.

Ikaja siku ya kupamba bibi harusi. Wenyeji wajua: wanawake peke yao, vichwa wazi, nywele zimetengenezwa, udi na asumini kila mahali. Mamangu aliniomba niachie nywele zifunike masikio. Nilikaa mbele ya kioo muda mrefu. Kisha nikazifunga zote juu, nikachoma kikuba cha asumini, na mashine zikaonekana kama zilivyo, nyuma ya kila sikio moja. Nilipoingia ukumbini kuna waliogeuka. Mtoto wa binamu akaja kuzigusa kwa kidole, akauliza kama ni simu. Muziki ulikuwa mkubwa mno, nikapunguza sauti za mashine, nikakaa. Baadaye somo yake mamangu, mama wa zamani wa Kibokoni, akanisemesha kwa mbali sikumsikia. Nilikuwa nafungua kinywa kutoa sentensi yangu, nikamwona mamangu amemshika mkono: "Ndoo upande huu. Mtizame usoni, atakusikia."

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 430 wanaohitaji msaada kwa ajili ya masikio yao. Mmoja wao, sasa naona wazi, ni mamangu. Redio yake ya Kiswahili asubuhi husikika hadi kichochoroni. Nikimwita kutoka jikoni haitiki. Jana nilimuuliza samaki kanunua kwa bei gani, akanijibu kwamba mvua itanyesha. Nimemwambia twende akapimwe, akasema yeye ni mafua tu. Nimemwekea miadi Jumatatu saa tatu asubuhi, na nimemwahidi kwamba tukitoka hapo tutapita Marikiti kununua achari anayoipenda. Bado hajasema ndiyo.